Ushindi Tisa: Philadelphia 76ers na Msimu wa 1972/73

Philadelphia 76ers wametwaa ubingwa wa NBA mara tatu. Mwaka 1955 walikuwa bado wanaitwa Syracuse Nationals. Mwaka 1967 walikuwa na Wilt Chamberlain. Mwaka 1983 walikuwa na Moses Malone na Julius Erving. Miaka hiyo mitatu ndiyo inayotajwa klabu inapoandaa sherehe, na ni haki yake. Rekodi yao nyingine, ambayo imedumu kwa zaidi ya nusu karne, haina sherehe. Msimu wa 1972/73 walicheza mechi 82, wakashinda 9, wakapoteza 73. Tangu NBA ianze utaratibu wa mechi 82 mwaka 1967, hakuna timu iliyocheza ratiba nzima ikaambulia ushindi mchache kuliko huo. Charlotte Bobcats walishinda 7 tu mwaka 2011/12, lakini mwaka huo mgogoro wa mikataba kati ya wachezaji na wenye timu ulikuwa umeipunguza ratiba hadi mechi 66.

Masimulizi mengi ya msimu ule humwangushia jumba bovu mtu mmoja, kocha Roy Rubin, aliyetoka chuoni na kutimuliwa kabla msimu haujaisha. Rubin hakuwa kocha wa kiwango kile, hilo halina ubishi. Ila jumba lenyewe lilikuwa limeanza kuoza miaka mitano kabla hajakabidhiwa funguo, na walioliozesha walikuwa watu wenye akili timamu, kila mmoja na sababu yake nzuri. Ndiyo maana historia ya klabu hii naisimulia kwa kuupitia mwaka wake mbaya kuliko yote. Mwaka huo unaonyesha namna timu ya mpira wa kikapu inavyojengwa na inavyobomoka, kuliko vikombe vyote vitatu.

Klabu ilianzia Syracuse, mji wa viwanda katika jimbo la New York, chini ya Danny Biasone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akimiliki ukumbi wa mchezo wa bowling. Biasone hakuwa tajiri wa kutisha, lakini ana mchango mkubwa katika kuufanya mchezo huu utazamike. Siku zile timu ikishatangulia kwa pointi chache iliweza kuukumbatia mpira na kupasiana hadi dakika ziishe. Mwaka 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mechi nzima. Biasone akapiga hesabu. Mechi ina dakika 48, yaani sekunde 2,880. Mechi zilizomfurahisha zilikuwa na mitupo kama 60 kwa kila timu, jumla 120. Akagawanya, akapata 24. Ligi ikakubali kwamba timu ikishika mpira ni lazima irushe kikapuni ndani ya sekunde 24, na msimu wa kwanza wa kanuni hiyo, 1954/55, bingwa akawa Syracuse mwenyewe, kwa pointi moja katika mechi ya saba ya fainali, 92 kwa 91. Ile saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma juu ya ubao wa kikapu, iwe Philadelphia au Kigali, imetoka kwenye hesabu ya Biasone.

Lakini Syracuse ulikuwa mji mdogo, na ligi ilikuwa inahamia miji mikubwa. Mwaka 1962 Warriors waliihama Philadelphia wakaenda San Francisco pamoja na Chamberlain, mtoto wa mji huohuo wa Philadelphia. Mwaka uliofuata Irv Kosloff, mfanyabiashara wa karatasi, na mwanasheria Ike Richman wakainunua Nationals, wakaihamishia Philadelphia kujaza pengo. Jina jipya lilitoka kwenye mwaka 1776, mwaka ambao tangazo la uhuru wa Marekani lilipitishwa katika mji huo. Mapema mwaka 1965 wakamrudisha Chamberlain nyumbani.

Katika msafara wa kutoka Syracuse alikuwemo Hal Greer, na huyu inafaa tumtazame kwa karibu, maana yeye peke yake alikuwepo tangu Syracuse hadi msimu wa ushindi tisa. Greer alizaliwa Huntington, West Virginia, akaingia Nationals mwaka 1958. Hakuwa mrefu kwa kipimo cha mchezo wenyewe: futi 6 na inchi 2. Silaha yake ilikuwa mtupo wa kuruka kutoka umbali wa kati, na aliuamini kiasi kwamba hata mtupo huru aliupiga vilevile. Wenzake wote walisimama mstarini, miguu ikabaki sakafuni, wakavuta pumzi, wakatupa. Greer aliruka. Hakuna beki mbele yake, hakuna anayemkimbiza, saa imesimama, naye anaruka na kuuachia mpira akiwa hewani kana kwamba kuna mtu wa kumkwepa. Katika maisha yake yote ya mchezo aliingiza takribani mitupo minane katika kila kumi. Pointi zake 21,586, zote alizozifunga akiwa na klabu hii moja, hakuna mchezaji mwingine wa klabu aliyezifikia.

Msimu wa 1966/67 timu ilikuwa imekamilika. Alikuwemo Chamberlain katikati, Lucious Jackson pembeni yake, Chet Walker, Wali Jones, Greer, na akitokea benchi kijana wa mkono wa kushoto kutoka Brooklyn, Billy Cunningham. Kocha Alex Hannum alimshawishi Chamberlain apunguze kufunga na azidishe kupasi, jambo ambalo makocha kadhaa kabla yake hawakuliweza. Walishinda mechi 46 kati ya 50 za kwanza. Walimaliza na ushindi 68 na vipigo 13. Katika mchujo wakawakuta Boston Celtics, waliokuwa wamebeba ubingwa miaka minane mfululizo, wakawatoa kwa mechi nne kwa moja, ya mwisho ikiisha 140 kwa 116 ndani ya Convention Hall huku mashabiki wakiimba kwamba Boston imekufa. Fainali dhidi ya San Francisco Warriors iliisha kwa mechi nne kwa mbili. Mwaka 1980, ligi ilipoadhimisha miaka 35, kikosi hicho kilipigiwa kura kuwa bora kuliko vyote vilivyopata kutokea.

Kikosi bora katika historia kilichukua ubingwa mmoja tu. Mwaka 1968 walikutana tena na Boston, wakatangulia mechi tatu kwa moja, kisha wakapoteza tatu mfululizo, ya saba wakiwa kwao, 100 kwa 96. Cunningham alikuwa nje kwa mkono uliovunjika. Nchi nzima ilikuwa kwenye msiba: Martin Luther King aliuawa siku moja kabla ya mechi ya kwanza, na wachezaji walicheza wakiwa hawajui kama walipaswa kucheza. Katika nusu ya pili ya mechi ya saba Chamberlain alirusha mara mbili tu. Kwa nini, watu wameandika vitabu na hawajakubaliana.

Kuanzia hapo ndipo pa kutazamwa kwa makini. Hannum aliondoka kwenda Oakland katika ABA, ligi hasimu iliyoanzishwa mwaka 1967 ambayo ilikuwa ikiwanasa watu wa NBA kwa fedha. Chamberlain naye akataka kuondoka. Alidai kwamba Ike Richman alimwahidi sehemu ya umiliki wa klabu. Richman alikuwa amefariki Desemba 1965, ameketi kando ya uwanja Boston akiitazama timu yake, na Kosloff hakuitambua ahadi ambayo haikuwa kwenye karatasi. Julai 1968 Chamberlain akapelekwa Los Angeles Lakers kwa kubadilishana na Archie Clark, Darrall Imhoff na Jerry Chambers. Watatu kwa mmoja, na hata wangekuwa sita wasingelingana. Clark alikuwa mchezaji hodari, na mwaka 1971 naye akauzwa Baltimore, akaja Kevin Loughery pamoja na Fred Carter. Chet Walker alikwenda Chicago mwaka 1969 kwa kubadilishana na Jim Washington, na huko Chicago Walker akaendelea kuwa nyota kwa miaka mingi.

Aliyefanya biashara nyingi kati ya hizi ni Jack Ramsay, meneja mkuu ambaye baada ya Hannum kuondoka alibeba na mikoba ya ukocha. Ramsay alikuwa mwana wa Philadelphia, mwalimu wa mchezo mwenye shahada ya uzamivu, na mmoja wa makocha wakubwa ambao ligi imewahi kuwa nao. Mtu akiwa bingwa wa kufundisha si lazima awe bingwa wa kununua.

Ubovu mkubwa zaidi ulikuwa kwenye drafti, ule mpango wa timu kugawana kwa zamu wachezaji wanaomaliza vyuo. Hapo ndipo timu inayozeeka hupata damu mpya bila kuuza mtu. Mwaka 1967 Philadelphia walimchukua Craig Raymond katika raundi ya kwanza. 1968 Shaler Halimon. 1969 Bud Ogden. 1970 Al Henry. 1971 Dana Lewis. Msomaji asiyeyatambua majina haya asijilaumu, kwani hata mashabiki wa Philadelphia huyasahau. Miaka mitano, raundi tano za kwanza, na hakupatikana hata mmoja wa kushika nafasi ya kudumu. Henry alichaguliwa wa 12 mwaka 1970. Wa 19 mwaka huohuo alikuwa Nate Archibald, kijana mfupi wa Bronx, na katika msimu wa 1972/73, msimu uleule tunaouzungumzia, Archibald aliongoza ligi kwa wastani wa kufunga na kwa pasi za mabao kwa pamoja akiwa na Kansas City-Omaha Kings, pointi 34 na pasi 11.4 kwa mechi. Sisemi kwamba angeiokoa Philadelphia peke yake. Nasema alipita mbele ya macho yao.

Msimu wa 1971/72 walishinda 30 na kupoteza 52, na kwa mara ya kwanza tangu klabu ianze kucheza NBA mchujo uliwapita. Ramsay akaenda Buffalo. Kisha likaja pigo la mwisho. Cunningham, aliyekuwa sasa ndiye nyota wa timu, alikuwa amesaini mkataba na Carolina Cougars ya ABA tangu mwaka 1969, kisha akabadili mawazo na kutaka kubaki. Carolina wakaenda mahakamani, na mwaka 1972 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba mkataba ni mkataba. Akaenda. Msimu wake wa kwanza kule akachaguliwa mchezaji bora wa ABA nzima.

Kwa hiyo kiangazi cha 1972 Philadelphia hawakuwa na kocha, hawakuwa na nyota, na makocha wenye majina waliofuatwa walikataa. Inasimuliwa hadi leo kwamba klabu ilifikia hatua ya kutangaza nafasi ya ukocha gazetini. Aliyeipata ni Roy Rubin wa Chuo Kikuu cha Long Island, Brooklyn, mtu aliyeheshimika katika mpira wa vyuo vya New York na asiyewahi kuongoza hata mechi moja ya kulipwa. Chuoni msimu una mechi ishirini na kitu, wachezaji ni vijana wanaomwita kocha kwa unyenyekevu, na safari nyingi ni za basi. NBA ilikuwa mechi 82, viwanja vya ndege usiku wa manane, na wachezaji wenye wake, watoto na mawakala, baadhi yao wakiwa wameicheza ligi hiyo zaidi ya miaka kumi. Greer alikuwa na umri wa miaka 36. Alikuwa ameiona timu ya ushindi 68 kwa macho yake, na sasa anaambiwa na mgeni jinsi ya kukaba.

Walipoteza mechi ya kwanza, ya pili na ya tatu, wakaendelea hadi ya 15. Ushindi wa kwanza ulipatikana Novemba dhidi ya Houston Rockets. Ushindi wa nne ulipopatikana, vipigo vilikuwa vimefika 38. Ukitazama takwimu za mchezaji mmoja mmoja huoni balaa hilo. Fred Carter alifunga wastani wa pointi 20 kwa mechi, na John Block, mrefu wa pembeni, aliitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi Januari 1973. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyejua ni nani mwenye timu. Katika robo ya mwisho, mechi ikiwa imekaribiana, timu nzuri huwa na mtu mmoja ambaye kila mtu uwanjani anajua mpira utakwenda kwake, hata adui. Philadelphia walikuwa na watu wanne au watano waliodhani ndio wao, na kocha asiyeweza kuwaamulia.

Uongozi nao ulikuwa ukichanganya karata katikati ya mchezo. Mapema msimuni Bill Bridges, aliyekuwa nguzo yao ya ribaundi, pamoja na Mel Counts walipelekwa Lakers, na huko wakacheza hadi fainali ya 1973 pamoja na Chamberlain. Waliokuja kwa kubadilishana ni Leroy Ellis na John Trapp. Hebu fikiria safari ya hawa wawili. Miezi michache nyuma walikuwa na Lakers ya 1971/72, iliyoshinda mechi 33 mfululizo, ikamaliza na ushindi 69 na vipigo 13 na kubeba ubingwa. Sasa wanavaa jezi ya timu mbovu kuliko zote. Nafasi ya kuwa kileleni kabisa na mkiani kabisa katika miezi kumi na miwili ni wachezaji wachache mno waliowahi kuipata.

Baada ya mechi ya nyota, Block naye akapelekwa Kansas City-Omaha, akaja Tom Van Arsdale. Van Arsdale alikuwa mfungaji mzuri ambaye bahati ilikataa kuongozana naye: alicheza mechi 929 katika NBA bila kukanyaga mchujo hata mara moja. Kumleta mtu huyo Philadelphia mwaka ule ilikuwa kama kumpeleka mvuvi jangwani.

Mji wenyewe haukuwa na pa kujifariji. Timu ya besiboli, Phillies, ilishinda mechi 59 mwaka 1972, na 27 kati ya hizo zilikuwa za mrushaji mmoja, Steve Carlton. Timu ya futiboli ya Kimarekani, Eagles, ilishinda mechi 2, ikatoka sare 1, ikapoteza 11. Waliokuwa wakipanda ni Flyers, timu ya magongo ya barafuni iliyotumia ukumbi uleule wa Spectrum na 76ers. Mwaka 1972/73 ilipata msimu wake wa kwanza wa ushindi mwingi kuliko vipigo, na mwaka 1974 na 1975 ikabeba ubingwa. Ukumbi ule ulikuwa na viti zaidi ya 15,000. Usiku wa magongo watu walijaa, usiku wa kikapu ungeweza kusikia viatu vikilia sakafuni.

Rubin alifukuzwa Januari, ligi ilipopumzika kwa mechi ya nyota, akiwa na ushindi 4 na vipigo 47. Hakuwahi kufundisha tena NBA. Alihamia Florida akafanya biashara ya mgahawa, na alifariki mwaka 2013. Mikoba ikakabidhiwa Kevin Loughery, mchezaji wa timu hiyohiyo mwenye miaka 32, awe kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Naye alianza kwa kupoteza 11 mfululizo. Vikijumlishwa na vya mwisho vya Rubin, vilikuwa vipigo 20 bila kupumua, na ubao ukasomeka 4 kwa 58.

Kisha kikatokea kitu ambacho wasimulizi wengi hukiruka, labda kwa sababu hakiingii vizuri kwenye kichekesho. Katikati ya Februari waliwafunga Milwaukee Bucks ya Kareem Abdul-Jabbar, timu iliyomaliza msimu huo na ushindi 60. Na hawakuishia hapo. Katika mechi saba walishinda tano. Kwa majuma mawili hivi, wachezaji walewale, waliokuwa kichekesho cha nchi, walicheza kama timu inayowania mchujo. Loughery alikuwa amefanya jambo la kawaida tu: alichagua watu wachache, akawapa dakika, akawaachia wacheze. Baada ya hapo miili ilichoka, majeraha yakafuata, na mechi 13 za mwisho zote zikapotea. Jumla 9 kwa 73, mechi 59 nyuma ya Boston waliokuwa kileleni mwa kundi lao na ushindi 68. Ndiyo idadi ileile ya ushindi ambayo Philadelphia walikuwa nayo misimu sita nyuma.

Greer alicheza mechi 38 tu mwaka huo, akastaafu. Mechi zake 1,122 zilikuwa nyingi kuliko za mchezaji yeyote wa NBA hadi siku hiyo. Alistahili kuagwa vizuri zaidi.

Malipo ya kuburuza mkia yalikuwa madogo siku zile. Timu mbovu ya upande wa Mashariki na mbovu ya upande wa Magharibi zilirushiwa sarafu kuamua nani achague wa kwanza kwenye drafti; ukishinda mechi 9 au 25 sarafu haikujali. Philadelphia walipata nafasi ya kwanza, wakamchukua Doug Collins wa Chuo Kikuu cha Illinois State. Huyu ndiye aliyesimama mstarini Munich mwaka 1972, katika fainali ya Olimpiki dhidi ya Umoja wa Kisovyeti, zikiwa zimebaki sekunde 3, akaingiza mitupo huru miwili na kuiweka Marekani mbele 50 kwa 49, kabla ya zile sekunde 3 kurudiwa na Wasovyeti kushinda 51 kwa 50. Raundi ya pili wakamchagua George McGinnis, aliyekuwa ABA na ambaye hakufika hadi 1975. Kocha mpya Gene Shue alipanda ngazi polepole: ushindi 25, kisha 34, kisha 46. Cunningham alirudi mwaka 1974, goti likamstaafisha. Mwaka 1976 klabu ilinunuliwa na Fitz Dixon, na muda mfupi baadaye New York Nets, waliokuwa na shida ya fedha baada ya ABA kuvunjika, wakamuuza Julius Erving kwa dola milioni 3. Aliyemfundisha Erving kule Nets, wakabeba pamoja ubingwa wa ABA mwaka 1974 na 1976, ni Kevin Loughery, yuleyule wa 5 kwa 26.

Fainali ya 1977 Philadelphia walitangulia mechi mbili, wakapoteza nne mfululizo kwa Portland. Kocha wa Portland alikuwa Jack Ramsay. Ramsay, aliyeiacha Philadelphia ikining'inia mwaka 1972, ndiye aliyewanyima kombe walipokuwa wamesharudi kwenye miguu yao. Sioni ubaya wowote kwake. Ligi ni ndogo, na watu hukutana.

Kombe lilikuja mwaka 1983, miaka kumi kamili baada ya 9 kwa 73, kocha akiwa Billy Cunningham. Malone na Erving waliwafagia Lakers kwa mechi nne kwa bila, na mchujo mzima walipoteza mechi moja tu. Baada ya hapo klabu haijachukua tena. Mwaka 2001 Allen Iverson aliwafikisha fainali, nyuma yake akiwa Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, mlinzi bora wa ligi mwaka huo. Lakers wakawatoa kwa mechi nne kwa moja.

Na bado mwaka 1973 haukuwaacha. Kati ya 2013 na 2016 meneja mkuu Sam Hinkie aliamua kwamba timu ya wastani haina faida, heri timu mbovu inayokusanya nafasi za juu kwenye drafti. Wachezaji wazuri wakauzwa makusudi, wakaja chipukizi na majeruhi. Msimu wa 2015/16 walianza kwa kupoteza 18. Vikiunganishwa na vya mwisho vya msimu uliopita vilikuwa 28. Ushindi wa kwanza waliupata Desemba 1 dhidi ya Lakers, usiku ambao Kobe Bryant, naye mtoto wa Philadelphia, alikuwa akiwaaga watu wa nyumbani. Kwa miezi kadhaa magazeti yalihesabu: je, watazama chini ya tisa? Mwanzoni mwa Aprili 2016 waliwafunga New Orleans Pelicans, wakafikisha 10. Msimu ukaisha 10 kwa 72. Hinkie alijiuzulu siku hizohizo kwa barua ya kurasa 13.

Kuna wanaosema mpango ule ulilipa, na wanamtaja Joel Embiid wa Yaoundé, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2014, akakaa nje misimu miwili kwa majeraha, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Ni hoja nzito. Lakini ligi yenyewe iliona hatari, na kuanzia 2019 ikapunguza faida ya kuwa wa mwisho kabisa: timu tatu mbovu zaidi zikapewa uwezekano sawa wa kupata nafasi ya kwanza, asilimia 14 kila moja. Kwangu mimi, kikosi cha 1973 kinastahili heshima ambayo kile cha 2016 hakistahili, na simaanishi wachezaji, kwa kuwa wachezaji wa miaka yote miwili walitoa jasho. Namaanisha klabu. Mwaka 1973 hakuna aliyekaa ofisini akitamani kushindwa. Walimwajiri Rubin wakidhani ataweza, wakambadilisha Bridges wakidhani itasaidia, wakampa Loughery timu wakitumaini. Walikosea kila mahali, ila walikuwa wanacheza mchezo uleule ambao mtazamaji alilipia.

Miaka mibaya haikuishia hapo. Msimu wa 2024/25 Philadelphia, wakiwa na Embiid na Paul George aliyesajiliwa kwa fedha nyingi, walitarajiwa kuwania ubingwa; Embiid alicheza mechi 19, timu ikashinda 24 na kupoteza 58. Nafasi yao ya drafti ingekwenda Oklahoma City kama isingeangukia kwenye sita za kwanza. Iliangukia ya tatu, wakamchukua VJ Edgecombe.

Fred Carter, aliyefunga pointi nyingi kuliko wote katika msimu wa ushindi tisa, alikuja kuwa kocha wa 76ers mwaka 1993, kisha mchambuzi kwenye televisheni. Mwaka ule wa 1973 ndiye aliyechaguliwa mchezaji mwenye thamani zaidi katika timu. Kwa miaka mingi amekuwa akiwauliza watu, akicheka, tuzo ile walimpa kwa kuwaongoza kwenye ushindi 9 au kwenye vipigo 73.